Gitaa Lililonuka Mawese

Mawese yakikaa muda mrefu juu ya mbao huchacha, na mawese yaliyochacha yakichanganyika na moshi wa jikoni hutoa harufu nzito inayoshuka kooni na kugoma kutoka. Hiyo ndiyo harufu ya gitaa moja la nyuzi kumi na mbili nililowahi kuliona kwa karibu. Nilikuwa na miaka kumi. Nilikunja pua, nikabana midomo, na kwa sababu ya midomo ile iliyobanwa watu wazima wakafanya uamuzi wa kipumbavu. Kwa miaka mingi nimeisimulia habari hii nikiwacheka wao. Siku hizi nikiisimulia najisikia kutema mate, na wa kutemewa si wao peke yao.

Tulikuwa tunaishi Kitahana, upande wa Kibondo, lakini hatukuwa wenyeji. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyehamishiwa huko kutoka Njombe, na mama alikuwa muuguzi wa zahanati. Nyumbani kwetu vijidudu vilitajwa kila siku kama kwingine wanavyotajwa wachawi. Tulinawa kabla ya kula, baada ya kula, baada ya kusalimiana na wageni, na mama alituchunguza kucha kila Jumamosi akiwa na wembe mkononi. Wenzangu shuleni walizungumza Kiha, walikula bugali, ule ugali wa muhogo, kwenye sinia moja, walicheka na kupenga makamasi kwa vidole. Mimi nilikaa pembeni na kikombe changu cha plastiki. Nilikuwa mtoto wa kinyaa, na niliona kinyaa hicho ni cheo. Nilijihesabu msafi, kumbe nilikuwa na majivuno tu ambayo mtu alikuwa ameyaogesha.

Kitu kimoja kilinipeleka katikati ya watu, nacho ni sauti. Baba alifundisha kwaya ya kanisa na kupiga gitaa, na mimi niliongoza ubeti wa kwanza wa nyimbo nyingi kwa sababu sauti yangu ilikuwa nyembamba na haikutetereka. Kanisa letu halikuwa na umeme. Gitaa la zamani la nyuzi sita lilikuwa limechoka, na mvua ikianza kupiga bati halikusikika hata kwenye benchi la pili. Ndipo baba akaanza kuhubiri habari za gitaa la nyuzi kumi na mbili. Alinieleza kwamba kila uzi una mwenzake mwembamba pembeni, zinapigwa kwa pamoja, na gitaa moja linalia kama mawili bila betri wala spika. Wanakwaya walilima shamba la maharage misimu miwili ili lipatikane. Zilipatikana fedha za gitaa moja tu, tena la bei nafuu. Kila mtu alijua kwamba tukikosea kuchagua, hakuna la pili.

Safari ya Kasulu tulikwenda watu watatu: baba, mwenyekiti wa kwaya Mzee Filibati, na mimi. Mzee Filibati alikuwa mfanyabiashara wa nafaka, mtu wa koti la suti hata jua likiwaka, mwenye tabia ya kunyonya meno baada ya kila sentensi kana kwamba nyama ya jana bado imo. Yeye alitaka gitaa la nyuzi kumi na mbili kwa sababu kwaya ya kata jirani ilikuwa nalo. Mimi nilichukuliwa kama kipimo. Baba alisema gitaa la kusindikiza kwaya halijaribiwi peke yake, linajaribiwa na mtu anayeimba, kwa sababu gitaa linaweza kulia vizuri dukani kisha likaimeza sauti ya mtoto kanisani. Kwa hiyo kila gitaa ningeliimbia ubeti mmoja. Nilivimba kichwa njia nzima, ingawa kuku wa jirani yangu kwenye basi alininyea kiatu na nikashuka Kasulu nikiwa karibu kutapika.

Duka lenyewe liliuza redio, spika, nyaya na magitaa. Muuzaji alikuwa anakula chipsi. Alijifuta vidole kwenye suruali, mara moja tu, akatushushia magitaa mawili. La kwanza lilikuwa la nyuzi sita ambalo mtu alikuwa amelitoboa kichwa na kulipachika masikio mengine sita ya kukazia nyuzi, moja likiwa limekaa upande. Baba alilirudisha bila kulipiga. La pili lilikuwa jipya, jekundu, linang'aa hadi niliona meno yangu tumboni mwake. Baba alifumba jicho moja akaitazama shingo yake kwa urefu, kisha akapitisha ukucha chini ya kile kibao cha tumboni kinachoshika nyuzi. Ukucha uliingia, ishara kwamba kibao kimeanza kuachia. Baba alitikisa kichwa, kisha akanipigia sauti ya kuanzia. Niliimba ubeti wangu. Gitaa lilitoa kelele nyingi nyembamba, kama vijiko vinavyoanguka, lakini lilinukia vanishi mpya na nililipenda papo hapo.

La tatu halikuwa la dukani. Baba alikuwa amesikia kwamba kuna mama huko Mtabila, kwenye kambi ya wakimbizi Warundi, anauza gitaa la marehemu mumewe. Siku hizo kambi ilikuwa inafungwa na watu walikuwa wanarudishwa kwao, kila mmoja na mizigo michache. Alikuwa ametumiwa ujumbe mapema, naye akaja kwa miguu na kutukuta nje ya duka. Aliitwa Mama Leokadia. Alikuwa mwembamba, miguu imejaa vumbi jekundu mpaka magotini, na gitaa amelifunga ndani ya kiroba cha unga. Alimsalimia baba, akamsalimia Mzee Filibati kwa Kirundi, "Bwakeye," kisha akaninyooshea mkono. Mkono ule ulikuwa na nyufa nyeusi za moshi na mafuta. Nilisema shikamoo, mikono yangu nikaificha mgongoni.

Alipofungua kiroba ile harufu ilitoka. Alikuwa akilihifadhi juu ya dari la jiko ili wadudu wasilitoboe, na kila baada ya muda alilipaka mawese ili mbao zisipasuke. Lilikuwa jeusi, linanata. Kwenye tundu la tumboni niliona mayai ya mende yamegandamana pembeni, nikarudi nyuma hatua mbili. Lakini baba alikuwa amepiga magoti palepale barazani. Aliitazama shingo, ilikuwa imenyooka. Alipitisha ukucha chini ya kibao, haukuingia. Aligonga tumbo kwa kifundo cha kidole kama akina mama wanavyogonga chungu sokoni kusikia kama kina ufa, na lile tumbo likaitika, zito, pana. Kisha akapiga. Mpita njia mmoja aliyekuwa anasukuma baiskeli ya mkaa alisimama.

"Mwalimu," Mama Leokadia alisema, "hizi nyuzi usizikaze mpaka juu. Bwana wangu alikuwa anaziacha chini kidogo. Ndiyo maana limekaa."

Alisema bei, na ilikuwa chini ya ile ya dukani. Akaongeza kwamba hata hiyo tunaweza kuipunguza, maana hataki kwenda nalo likavunjike kwenye lori, na hataki kuliacha kwa watu watakaoligeuza kuni. Alitaka libaki na watu wanaoimba. Baba aliinua macho kwangu na kupiga sauti ya kuanzia. Ilikuwa zamu yangu.

Sikuimba. Nilijua wimbo, nilijua pa kuingilia, na baba alirudia ile sauti mara tatu. Kuimba ni kuvuta pumzi kwanza, na mimi nilikataa kuivuta hewa ile iingie ndani yangu. Nilibana midomo na kutikisa kichwa. Baba aliniita jina langu polepole. Nikasema, kwa sauti ya kusikika barabarani, "Linanuka. Na yeye ananuka."

Mzee Filibati alinyonya meno. "Unaona, Mwalimu? Hata mtoto amelikataa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Takataka za kambini tuzipeleke madhabahuni?" Alisema kwa Kiswahili kilichonyooka, kwa sauti kubwa. Hapo ndipo napata kichefuchefu cha pili, kikubwa kuliko cha mende. Kitahana nzima ilijua kwamba babu yake Mzee Filibati naye alivuka kutoka Burundi akiwa na kiroba kichwani, na kwamba mama yake mzazi alikuwa bado anapaka mawese kila kitu alichonacho, mpaka visigino. Nyani haoni kundule, lakini huyu alikuwa analiona vizuri sana, ndiyo maana alipiga kelele.

Mama Leokadia alinigeukia mimi. Alichuchumaa, lakini mbali kidogo, kama mtu anayejua kwamba amesogezwa. "Mwana wanje, mwanangu," alisema, "basi gitaa liache. Niimbie mimi tu, bila gitaa. Wameniambia una sauti." Hakuwa na hasira. Aliomba kama mtu anavyoomba maji. Nilimpa mgongo, nikaingia dukani kwenda kulitazama gitaa jekundu.

Baba alikuwa na haki ya kukataa. Masikio yalikuwa yake, na ukucha ulikuwa wake. Lakini alikuwa mgeni katika kata ya watu, mwenyekiti alikuwa mwenyekiti, na binti yake mwenyewe alikuwa ametoa ushahidi. Alilipia gitaa jekundu bila kupunguziwa hata kidogo. Tulipotoka, yule mama alikuwa amelifunga lake na kuondoka, na pale barazani palibaki alama ya mafuta. Muuzaji aliimwagia maji ya kunawia.

Gitaa jekundu lilidumu msimu mmoja wa mvua. Baba alitaka kuziacha nyuzi chini kidogo, Mzee Filibati akasema tumelipia kelele zote kumi na mbili, azikaze. Jumapili moja, katikati ya wimbo wa sadaka, kile kibao kiling'oka tumboni kwa mlio wa kofi. Uzi mmoja ulimchana baba shavuni. Chini ya ule wekundu unaong'aa kulikuwa na mbao nyembamba za kubandikwa, zimeachana kama karatasi zilizolowa, na gundi ya manjano inayofanana kabisa na makamasi niliyokuwa nikiyakimbia shuleni. Mwenyekiti alitangaza kwamba tatizo ni wingi wa nyuzi, sita zingetosha. Watu walikubali. Waliolima maharage misimu miwili walikubali, wakarudi kuimba kwa makofi.

Wiki iliyofuata baba alipanda basi peke yake kwenda Mtabila, plasta ikiwa shavuni, hata fedha hana. Sijui alitaka kumwambia nini yule mama. Alikuta nyumba zimebomolewa na majani yameanza kuota kwenye sakafu za udongo. Alirudi jioni, akanawa, akala. Hakunilaumu siku hiyo wala siku nyingine yoyote mpaka alipostaafu. Wengine wangemwita mpole. Mimi upole ule unanichefua, kwa sababu aliniacha niendelee kujiona msafi kwa miaka mingi mizima. Kiboko kimoja kingenisaidia.

Sasa mimi ndiye mwalimu, hapahapa Kasulu, na mimi ndiye ninayefundisha kwaya ya vijana. Mambo yamerahisika hadi yanatia kinyaa kwa namna yake. Tuna kinanda cha umeme chenye kitufe cha kutoa sauti ya gitaa la nyuzi kumi na mbili, safi, isiyo na jasho la mtu. Vijana wanachagua magitaa kwenye simu kwa kutazama picha, wanasoma maoni ya watu wasiowajua, wananiuliza kama rangi hii itaonekana vizuri kwenye video. Hakuna anayegonga tumbo. Hakuna anayepitisha ukucha. Nikiwaambia wanatabasamu kwa adabu, kama wanavyotabasamu kwa mtu anayesifia viatu vya matairi.

Mwaka jana kwaya ilinituma kununua la kweli, la bei nafuu. Nililipata lililotumika, limekwaruzwa, shingo imenyooka, kibao kimeshika. Nilizishusha nyuzi kidogo. Nikamwomba muuzaji, kijana mwenye adabu zake, alipige huku mimi naimba, kama baba alivyotufundisha. Niliimba ule ubeti niliokataa kuuimba siku ile, mlangoni, mbele ya bodaboda na wateja wake. Sauti yangu imekuwa nene, lakini inasimama. Watu walianza kucheka, mmoja akatoa simu kunirekodi. Kijana akaacha kupiga, akaona haya kwa niaba yangu.

"Mama, inatosha," aliniambia. "Hakuna aliyekuomba uimbe."

Nilimwambia ndiyo, najua. Kisha nikaumaliza wimbo.