Kiganja Kwenye Tofali

Sogea karibu, rafiki, nikueleze kwanza tofali bichi linavyotengenezwa. Usipolielewa hilo, hutaelewa kwa nini jana nilikuwa nimepiga magoti kwenye matope ya Mpitimbi, mvua ikinipiga mgongoni, mtu mzima kama mimi.

Unaukanyaga udongo kwa miguu mpaka ulainike kama ugali. Unaujaza kwenye kibao, lile boksi la mbao la kufyatulia, unasawazisha juu kwa mkono wenye maji, unafyatua. Linakauka juani, halichomwi. Ndiyo maana tulifyatua likizo ya Juni, kwenye baridi, mvua zikiwa mbali.

Kambi yetu ya vijana ilijengwa hivyo, likizo baada ya likizo, na watoto wenyewe. Waliotutangulia walijenga jiko na bweni la wasichana. Sisi tulikuta bweni la wavulana limefika madirishani. Bado naisikia rimu ya gari ikigongwa alfajiri, tukikimbilia kisimani huku meno yakigongana, halafu uji wa ulezi, na mchana ugali kwa dagaa wa Nyasa, harufu mpaka kwenye nywele. Mama mlezi alituhesabu kwa kutugusa vichwa.

Desturi ilikuwa kila mtoto aandike jina lake kwenye tofali moja kabla halijakauka. Dada yangu, aliyenizidi miaka miwili, aliandika kwa kijiti, kisha akagandamiza kiganja chake kizima chini ya jina. Siku ya kujenga, fundi alililaza kifudifudi, maandishi chini.

"Fundi, umelificha!" dada akalalamika.

"Sijalificha, mjukuu wangu. Mikwaruzo inashika udongo. Tofali laini linateleza."

"Sasa nani atalisoma?"

"Atakayebomoa."

Tulicheka sana. Nani angebomoa?

Mvua zilizofuata, homa ilimchukua dada. Picha yake hatukuwa nayo hata moja. Kilichobaki ni kiganja kile, ndani ya ukuta.

Juzi jirani yangu hapa Msamala akaniambia kiwanja cha kambi kimeuzwa, mabati yameshaezuliwa. Nilipofika jana, bweni lilikuwa chini na mvua imeanza. Kijana mwenye sururu akanisalimu.

"Shikamoo, mama. Kama ni mabati, yameisha."

"Marahaba. Natafuta tofali."

"Jamani, mama anataka tofali!" akawapigia wenzake kelele. "Chagua, mama, yapo mpaka uchoke."

Nilipomweleza aliacha kucheka, akaweka sururu chini, akaanza kuyageuza pamoja nami. Tulisoma herufi mbili hapa, tatu pale. Mengine yalimeguka mikononi. Na kila tulilogeuza, matone yalilipiga usoni, jina la mtoto wa mtu likafutika tukiliangalia. Nikaelewa nilichokuwa nafanya. Nikamshika kijana mkono.

"Acha, mwanangu. Tunayafuta sisi."

Kisima kimefukiwa. Rimu imekwenda na chuma chakavu. Fundi hayupo nimuulize alililaza mstari wa ngapi. Limebaki lundo moja ambalo hatujaligusa, upande wa mlango, na mawingu hayajaachia. Leo narudi na turubai, lakini mimi ni mmoja na lundo ni kubwa.

Basi, ukipita Mpitimbi ukakuta tofali limelala kifudifudi, usiligeuze mvuani. Lifunike kwanza, lisogeze chini ya paa, ndipo uligeuze.