Watts tano, fence ya jirani na sura ya tatu ya thesis yangu

Wakuu, habari za mchana. Ninayoyaandika yamenipata mimi mwenyewe, huku kwetu karibu na Kaplong.

Mimi ni mwanafunzi wa masters. Utafiti wangu unahusu redio za mawasiliano zenye nguvu ndogo, watts tano tu, na leseni ninayo. Supervisor alinipa hadi mwisho wa term: nipate mtu mmoja wa mbali, tubadilishane majina ya vituo kwa milio mifupi na mirefu ya Morse, la sivyo nitafute topic nyingine.

Nikafunga antenna kwenye miti ya migrevilia ya nyumbani. Nikawasha.

Tak. Tak. Tak. Mlio huo haukomi redioni; nikituma, sisikii kama nimejibiwa.

Nilibadilisha betri. Nikabadilisha cable. Nikaisuka coil upya. Nikaanza hata kulishuku jua. (Msicheke, kuna tafiti nyingi kuhusu jua kuvuruga redio.)

Hatimaye nilitembea na redio ndogo mkononi nikifuata ile sauti, ikanifikisha kwa jirani, Mama Chebet. Ilikuwa fence yake ya umeme, ile ya kuzuia ng'ombe wasiingie kwenye mahindi.

Nikamwomba aizime kidogo.

"Kiprono, hiyo redio yako haijawahi kuimba hata wimbo moja, na unataka nizime stima ya ng'ombe?"

Nilimweleza kuhusu mawimbi. Kosa kubwa.

Mwishowe akasema, "Sawa. Mimi napeleka majani chai buying centre. Nitazima, lakini wewe ndio utakuwa fence."

Wakuu, mnajua lori la majani halina saa. Nikahamishia redio, betri na waya wa antenna ndani ya paddock ya ng'ombe wake, nikatulia chini ya mti, macho kwa ng'ombe, kidole kwenye key ya kutumia Morse.

Ile tak tak ikakoma kabisa. Nikaita. Akajibu mtu wa Uturuki.

Wakati huohuo ng'ombe mmoja akagusa waya wa fence kwa pua. Akangoja. Akagusa tena. Akapita.

Mturuki naye alikuwa anaomba nirudie jina la kituo changu, kwa sababu herufi moja ilimpotea. Nikiinuka, mawasiliano hayajakamilika na sura ya tatu imekufa. Nikarudia, polepole, nikisikia mahindi yakivunjika nyuma yangu. Akathibitisha. Ndipo nikakimbia.

Nilikutana na Mama Chebet katikati ya mistari ya mahindi, kikapu kitupu mgongoni.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Mtu wa Uturuki, mama."

"Basi mwambie akuje apande."

Nimepanda mimi.

Funzo langu: kabla hujaivunjavunja mashine yako, zunguka kwanza kwa majirani, na uende na kitu mkononi.

Supervisor ameipokea sura. Mama Chebet bado hajapokea salamu zangu.

Waliowahi kusumbuliwa na fence, mlielewanaje na wenyewe? Nawasoma.