Pampu Iliyongoja Kibao cha Jina Langu

Kutoka Unguja hadi Guangzhou nilitumia siku tatu. Nililala kwenye benchi la uwanja wa ndege Dubai, nikafika Hong Kong miguu imevimba, kisha nikapanda treni ya kuingia China bara. Njia nzima nilivaa suti ileile niliyoapia katika Baraza la Wawakilishi. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nami nilikuwa mwakilishi kijana mwenye elimu ya kidato cha nne, niliyeshinda jimbo kwa kupiga kelele kuliko wenzangu.

Vijana wanaoitaka kazi hiyo huniuliza ilikuwaje. Siku yangu ya kwanza, Katibu wa Baraza, mzee aliyefunga miwani yake kwa kamba, alinipeleka mpaka kwenye kiti changu.

"Kikao ni siku moja," alisema. "Mkutano ni vikao vingi, wiki mbili tatu. Ukikosa kikao unakosa posho. Ukikosa mikutano mitatu mfululizo bila ruhusa ya Spika ya maandishi, unakosa kiti. Ukitokea hata siku moja, umesalimika. Umenielewa, Mheshimiwa?"

"Nimekuelewa, mzee."

"Waliopoteza viti wote walinielewa."

Juu yangu alikuwapo pia Mnadhimu, ambaye kazi yake ni kuhakikisha wajumbe wa chama wanasema na kupiga kura kwa mstari mmoja. Huyo hakunificha kitu. "Maswali yako ya nyongeza yamezidi. Uliza moja, kisha ukae."

Kukaa ndiko kulikonishinda. Mkutano mmoja ulinikuta Mombasa nikitafuta mabati ya skuli. Uliofuata ulinikuta Dubai, na hata leo siwezi kueleza vizuri nilikuwa nafuata nini. Ulipokaribia wa tatu nilikuwa safarini China kununua pampu. Jimboni kwangu wanawake walikuwa wakivuta maji kisimani kwa kamba, na kwenye kampeni niliwaahidi kwamba kamba hizo watafungia mbuzi. Barua ya kumwomba Spika ruhusa sikuiandika. Niliona aibu, na nilijiambia nitarudi kabla mkutano haujafungwa.

Guangzhou nilipokewa na Bi Zuwena, mfanyabiashara wa Unguja aliyekuwa akinunua wanasesere na madaftari barabara ya Yide. Alijua maneno ya sokoni yaliyomtosha: laoban, yaani bosi mwenye duka, na mei you, hakuna. Alinipeleka kwenye karakana ya pampu. Laoban alitumiminia chai, akasikiliza, na siku ya tano pampu ilikuwa tayari, imepakwa rangi ya kijani. Hiyo ilikuwa Jumapili, na ndege yangu ilikuwa Jumanne. Baraza lingefungwa Ijumaa, nami ningefika Alhamisi.

Hapo nikafanya kosa la kazi yetu. Zama zetu mwakilishi hakutoa kitu bila kibao. Madawati yalikuwa na kibao, tangi la msikiti lilikuwa na kibao, hata jeneza la mtaa niliwahi kuliona na kibao cha aliyelitoa. Nikataka kibao cha shaba kifungwe kwenye pampu: jina langu, neno Mwakilishi, na jimbo. Kikaletwa kesho yake, Jumatatu. Jina langu lilikuwa dogo kuliko jina la kiwanda. Nikakikataa.

"Kingine siku nne," Bi Zuwena alinitafsiria. Kisha akanigeukia. "Mheshimiwa, hao watu wako watakunywa maji au watakunywa jina?"

"Bi Zuwena, siasa huijui."

"Siijui. Ndege naijua. Ikiondoka haikungoji."

Ndege ikaondoka. Siku nne zile sikula vizuri. Nilizunguka mtaa wa Xiaobei mchana kutwa nikijidanganya kwamba Spika atanionea huruma. Kibao kipya kilikuja Ijumaa, kikubwa na chenye kung'aa, kikafungwa kwa skrubu nne. Nikaenda kwenye kibanda cha simu kumpigia Katibu.

"Uko wapi?" aliuliza.

"China, mzee. Mkutano unaendeleaje?"

"Spika ameshauahirisha. Umekuwa wa tatu. Pole, mwanangu."

Miaka yote alikuwa akiniita Mheshimiwa. Nilitoka kibandani nikingoja kulia, nikajikuta nina njaa. Nikala sahani mbili za wali na samaki, nikarudi hotelini nikalala mpaka asubuhi. Hakuna Mnadhimu wa kuniambia nikae. Hakuna kiti.

Kesho yake nikarudi karakana. Kile kibao kilisema Mwakilishi, na mimi sikuwa mwakilishi tena. Nikamwonyesha laoban kwa vidole: kitoe. Alinitazama kama mtu aliyepungukiwa akili, akachukua bisibisi. Bi Zuwena alicheka mpaka akakaa juu ya kreti.

"Mungu amekupunguzia mzigo, Baba Hamisi," alisema, akiniita sasa kwa jina la mwanangu.

"Kilo moja ya shaba," nikamjibu, nikacheka naye.

Pampu ilisafiri kwa meli pamoja na wanasesere wa Bi Zuwena. Mwakilishi aliyechukua kiti changu ndiye aliyekata utepe wake. Mimi nilikuwa kwenye foleni ya ndoo, nikaona maji yanatoka, ikanitosha. Tangu hapo nimefanya kazi nyingi, hakuna niliyoikalia muda mrefu. Kwa anayetaka Baraza nasema hivi: ni kazi nzuri kwa mtu anayeweza kukaa. Jipime hilo kwanza, kabla hujachukua fomu.

Siku niliyoondoka Guangzhou, nami sijarudi tena, nilipewa mpakani karatasi ya kujaza. Jina, pasipoti, kazi. Kwenye kazi kalamu ikasimama. Foleni nyuma yangu ikaanza kunung'unika. Nikapaacha patupu, nikamkabidhi afisa. Akapiga muhuri bila kutazama, akanipungia mkono nipite.