Slaidi za Baba na Macho Mapya ya Mama

Fundi Miwani alipewa jina hilo na wateja wake. Kwa miaka ishirini na mbili amekuwa akisaga lenzi katika chumba kimoja nyuma ya duka la dawa, na jicho lake huona mkwaruzo ambao hata mwenye miwani hajawahi kuuona. Anaishi na mama yake, mjane wa mpima ardhi. Kwa miaka mitatu mama huyo aliiona dunia kama kupitia dirisha lenye mvuke, hadi alipofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho.

Bandeji ilipotolewa, mama aliitazama sebule, akautazama ukuta, kisha akamkazia macho binti yake.

"Kumbe umeota mvi?"

"Mama, nina miaka hamsini."

"Mbona hukuniambia?"

Siku mbili nyumba haikukalika. Mama aliona utando wa buibui juu ya kabati, akaona ufa kwenye kikombe alichokuwa akinywea chai kila asubuhi, akaona pazia limeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Siku ya tatu alitulia, akasema, "Sasa nataka kumwona baba yenu."

Baba alifariki miaka kumi na mmoja iliyopita. Aliacha kopo kubwa la biskuti lenye slaidi mia nne na kumi na mbili: vipande vya filamu ya rangi, kila kimoja kimebanwa ndani ya fremu ndogo ya karatasi ngumu. Zamani walizitazama ukutani kwa projekta, lakini taa yake iliungua, na taa ya aina ile haiuzwi tena. Mama alijaribu kuinua slaidi moja dirishani. Aliona rangi ya kijani na kitu kama kidole.

Ikabidi kununua skana, ili picha zihamie kwenye kompyuta na mama azione kwa ukubwa.

Fundi Miwani alimpigia simu kaka yake mkubwa, mwalimu wa hesabu katika mji mwingine, mtu anayesoma maelezo yote ya pakiti kabla ya kununua hata balbu. Kaka alikuwa na jibu tayari.

"Usinunue takataka. Chukua zile kubwa wanazotumia wapiga picha. Ukinunua rahisi utalia."

"Sawa kaka. Utachangia kiasi gani?"

"Naona mtandao unasumbua," akasema kaka.

Kesho yake Fundi Miwani alifunga kazi mapema. Aliingiza mkono ndani ya kopo, akachomoa slaidi moja bila kuchagua, akaifunga kwa kitambaa cha kufutia lenzi na kuiweka kwenye kibweta cha miwani. Hakutaka kusimuliwa uzuri wa mashine yoyote. Alitaka kuuona mwenyewe.

Muuzaji wa duka la vifaa vya ofisi alikuwa bwana mnene, miwani yake imelala upande, na kila baada ya sentensi aliisukuma juu kwa kidole gumba. Fundi Miwani alivumilia sentensi nne.

"Samahani kaka, naomba hiyo miwani."

Alitoa bisibisi ndogo mkobani, akakaza skurubu, akakunja kidogo mkono mmoja wa miwani na kumrudishia. Bwana yule akatikisa kichwa kulia na kushoto, akainama, akainuka. Miwani haikusogea.

"Jaribu chochote unachotaka, dada," akasema. "Leo duka lako."

Walianza na skana ndogo kuliko zote, yenye ukubwa wa bilauri na kioo chake chenyewe cha kuonyeshea picha. Bei yake ilimfurahisha sana. Lakini kijisanduku chake kilitengenezwa kwa fremu nyembamba za plastiki, na fremu ya baba ya karatasi nene ilikwama katikati. Walipofanikiwa kuilazimisha, picha ilitoka na rangi ya bluu, watu wamepauka kama waliopakwa unga, hata sura hazitambuliki.

Ile kubwa aliyoisifu kaka ilikuwa nzuri kweli. Ila ilichukua slaidi moja moja, na bei yake ilimfanya Fundi Miwani aitazame kwa heshima na kusogea pembeni kabla ya kuijaribu.

Ya tatu ilikuwa bapa, kama skana ya kawaida ya ofisini, lakini kifuniko chake kilikuwa na taa ndani na kilipokea slaidi nne kwa pamoja. Ilikuwa imekaa rafuni kama kielelezo, boksi lake limepotea, hivyo bei ilikuwa imeshushwa. Aliipuliza slaidi vumbi, akaiweka, wakasubiri. Mashine ilikwenda taratibu mno, ikinguruma kama paka aliyeshiba. Kisha picha ikajitokeza kwenye kompyuta ya duka.

Mwanamke kijana, amevaa suruali na miwani ya jua, ameshika usukani wa pikipiki. Nyuma yake kijana mwembamba amemkumbatia kiuno.

"Huyu dereva ni nani?" muuzaji akauliza.

Fundi Miwani aliinamia kompyuta. "Ni mama yangu."

Mama yule yule aliyewakataza pikipiki maisha yao yote! Kaka aliwahi kununua moja akiwa na miaka ishirini na mitano, na mama alikataa kula hadi ikauzwa. Fundi Miwani aliikuza picha. Haikufifia: vifungo vilionekana, hata uso wa baba. Alikuwa amefumba macho kwa nguvu, kama mtu anayechomwa sindano.

"Nifungie hii," akasema, huku akicheka hadi machozi.

Jioni ile mama aliletewa kiti mbele ya kompyuta. Kaka alikuwa hewani kwenye simu, sauti imewekwa juu. Picha ilipotokea, mama aliitazama bila aibu yoyote.

"Pikipiki ya kazini kwake ile. Yeye aliiogopa, mimi nikamfundisha."

"Mama!" kaka akapaza sauti. "Yangu uliniuzisha!"

"Wewe unaendesha kama baba yako. Nilifanya vizuri."

Kazi ile iliwachukua wiki tano, slaidi nne nne, kila moja ikifutwa kwanza kwa brashi laini ya lenzi. Mama alitaja majina, na Fundi Miwani aliyaandika. Waligundua kwamba baba, kwa kuwa ndiye aliyeshika kamera, alionekana katika picha tisa tu. Ukiacha ile ya pikipiki, iliyopigwa na mtu mwingine, hizo zote alizipiga mama, na katika saba kati yake baba hana kichwa.

"Mama, kwa nini ulimkata?"

"Sikumkata. Nilitaka viatu vitokee. Vilikuwa vipya."

Ya tisa ilikuwa chini kabisa ya kopo. Baba amekaa kwenye ngazi ya nyumba, miguu peku, uso mzima, anaelekea kusema jambo. Mama alisogeza kiti, akaugusa kwa kidole mdomo wa baba kwenye kioo cha kompyuta.

"Alikuwa ananiambia nirudi nyuma kidogo," akasema. "Siku hiyo nilimsikiliza."

Aliomba picha isiondolewe kwenye kioo, akaenda kupakua chakula, akarudi na sahani yake kula mezani pale pale.