Ras Jilala na Mdundo wa Nestory

Jilala alikuja Matongo kutoka Kahama akiwa kijana, kama walivyokuja wengi, kwa kusikia tu kwamba dhahabu iko. Aliyoipata ilikuwa ya kula na kunywa, ikaisha. Miaka ya kutoboa mwamba na kulipua baruti ndani ya duara, shimo la dhahabu lisilo na nafasi hata ya kugeuka, ilimwachia jambo jingine: masikio yaliyovuma mchana kutwa, kisha yakaanza kufa.

Ila sauti alikuwa nayo. Alianza kuimba rege kwenye baa ya Specioza, nyimbo zake mwenyewe, za vijana wanaoshuka shimoni na mama zao wanaosubiri simu huko kwao. Watu wakampenda kupita kiasi. Wakurya wenye ng'ombe zao, ambao huwa hawana habari na wachimbaji wa kuja, walimwita kwenye harusi Nyamwaga. Kijijini Mbalibali walimwita kila mavuno. Wakamwita Ras, naye akafuga rasta mpaka kiunoni, na duarani hakushuka tena. Kwa mtu aliyewahi kukaa kule chini, huo ni utajiri wa kutosha.

Basi masikio yalipozidi kwenda, akaficha. Nani atamwita mwimbaji kiziwi? Aliyejua ni mmoja tu, Nestory, rafiki yake na mpiga besi wake. Nestory alimtunzia siri hiyo kama ndugu wa tumbo moja. Alikuwa akikanyaga mbao za jukwaa kwa nguvu ili Jilala aupate mdundo kwa nyayo, na Jilala naye aliweka kiganja kwenye spika, macho ameyafumba. Mashabiki walidhani ni mbwembwe. Vijana wa Matongo wakaiga, kila mmoja na mkono wake kwenye spika, wajinga watupu, naye akawaacha waige.

Muziki haukutosha kulisha nyumba ya Nestory, kwa hiyo siku za kazi alishuka kwenye duara la Magige. Masika iliyopita ukuta ukaporomoka. Wenzake walitoka, yeye akafungiwa upande wa ndani.

Kulikuwa na bomba la chuma la kutolea maji, lililoshuka mpaka kule alikofungiwa. Haukupita muda mrefu bomba likaanza kugongwa. Hakuwa akigonga ovyo, ulikuwa mdundo wa rege, pigo la kwanza limerukwa. Jilala alipofika akalishika bomba, akatokwa na machozi.

"Ni yeye," alisema. "Ananiita mimi."

Magige akapanga kazi. Vijana watachimba kifusi kwa zamu, na Jilala akae kwenye bomba, maana nani ana masikio kama mwanamuziki? Udongo ulikuwa unadondoka bado, na kila aliyeingia angeweza asitoke. Wakakubaliana wataendelea maadamu Nestory anagonga. Akinyamaza, wasipoteze roho nyingine kwa ajili ya maiti.

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Neno moja tu, akae mtu mwingine. Beatrice, mke wa Nestory, alikuwa ameketi pale pale amejitanda kanga, na masikio yake yalikuwa mazima. Lakini umati wote ulikuwa ukimtazama Jilala, naye akaona haya, na mdundo alikuwa bado anaupata mkononi. Akakaa. Haya ya namna hiyo ni ukatili, hata kama mwenyewe hakuliona hilo.

Kesho yake mapigo yakalegea. Mtu aliyechoka hagongi kama jana. Yakafifia kwenye kiganja cha Jilala, kisha yakapotea kabisa. Akashika kwa mikono miwili, akaegemeza shavu, hakupata kitu. Huruma, mdogo wake Nestory, alikuwa anajifunga kamba aingie zamu yake, na udongo ulikuwa umeanguka tena.

"Ras, bado anagonga?" Magige akauliza.

Jilala aliyasoma maneno midomoni mwake. "Amenyamaza."

Vijana wakatolewa. Huruma alilia kama mtoto, wakamshika asirudi ndani. Beatrice aliinua kichwa, akamtazama Jilala, akafungua mdomo, kisha akaufunga. Wanawake wakamshika mikono, wakaondoka naye.

Mwili ulitolewa mvua zilipopungua. Walimzika Matongo, kwa sababu kwao Biharamulo ni mbali. Siku ya kumaliza matanga Beatrice alimletea Jilala chakula, akapiga magoti mbele yake kama ilivyo desturi ya kwao, uso kwa uso, akasema polepole.

"Shemeji, nitoe jambo moyoni. Uliposema amenyamaza, mimi nilikuwa namsikia. Kwa mbali sana, lakini namsikia. Nikajiambia Jilala ndiye anayejua, nikanyamaza. Ni masikio yangu tu, sivyo?"

Hakukosa hata neno moja. Angetamani alikose.

"Ni masikio yako, shemeji," alisema. "Ni uchungu."

Beatrice akamshukuru. Alisema sasa angalau atapata usingizi.

Jilala bado anaimba kwa Specioza, na wimbo unaoombwa kuliko yote ni ule aliomtungia Nestory. Sauti yake huchelewa kuingia, maana hakuna tena wa kumkanyagia mbao. Watu husema ni majonzi, wanazidi kumpenda. Beatrice hukaa mstari wa mbele akipiga makofi, na Jilala, ambaye siku hizi hafumbi macho, huitazama mikono yake ili ajue mdundo uko wapi.