Nambari Iliyozunguka Ukili

Nikipita kijijini nikasikia harufu ya miyaa ikichemshwa kwenye rangi nyekundu, lazima nisimame. Ni harufu ya majani mabichi na kutu, na inanirudisha Tingi, uani kwa bibi yangu msuka mikeka, vidole vimeniiva rangi, roho yote iko Sudi, kijiji cha mbali nisichowahi kukiona.

Nilikuwa darasa la tano. Mwalimu wa hesabu, alipochoshwa na domo langu, alinipa adhabu: "Gawa moja kwa saba mpaka iishe." Akaenda zake kunywa chai. Nikagawa, nikajaza ubao: 142857, kisha 142857 tena, na tena. Haikuisha. Alirudi akanikuta nacheka peke yangu.

Nyumbani niliiandika nambari ile kwa mkaa kwenye kipande cha ukili, ule msuko mwembamba wa miyaa unaoshonewa mkeka, nikaunga ncha zake kikawa bangili. Nikajaribu kuizidisha kwa mbili, kwa tatu, mpaka sita. Ajabu, wenzangu! Majibu yote yalikuwa tarakimu zilezile, zikifuatana vilevile, ila zimeanzia mahali pengine. Kwa tatu, kwa mfano: saba ya mwisho mara tatu ni ishirini na moja, basi jibu linaishia kwenye moja, 428571. Unazungusha bangili tu.

Mjomba Seifu, mchuuzi wa dagaa, alikuwa na pikapu na majivuno ya kuzidisha kichwani. Alikuwa anakwenda harusini Sudi, nami sikuwahi kuvuka Nangurukuru, njia panda ya jirani.

"Shikamoo mjomba. Nikikushinda hesabu, unanichukua?"

"Marahaba. Wewe? Mtoto wa kupewa adhabu kila Jumatatu?"

"Angalia asikuumbue," bibi akadakia.

Nikamtajia nambari yangu, nikamwambia aizidishe kwa anachotaka.

"Kwa tano," akasema, akafumba macho.

"714285!" nikamwahi.

Akafumbua, akatoa kisimu chake cha tochi, akahakiki. "Kwa sita!"

"857142!"

Bibi akapiga kigelegele. Mjomba akavua kofia, akajikuna.

"Haya. Kwa saba!"

Saba mara saba, arobaini na tisa. Nikazungusha bangili kutafuta tisa. Hamna. Nikazungusha tena, machozi yananilenga, nikiiona pikapu ikiondoka bila mimi. Mjomba alichutama, akapiga hesabu mchangani kwa kijiti. Akafuta, akaanza upya. 999999.

"Umeshindwa, binti," akasema, lakini hakucheka. Alizikodolea zile tisa macho. "Zimetoka wapi hizi?"

"Sijui, mjomba."

"Kafunge nguo zako."

Njia nzima tulibishana. Kwa nane tulipata 1142856, na mjomba akaupiga usukani: "Ing'oe ile moja ya mbele, ijumlishe nyuma!" Ikarudi 142857. Pilau la harusi lilitukuta bado tunazozana, na bwana harusi hatukumtazama vizuri.

Shule niliiacha mapema, nikawa mtu wa kutangatanga na kuuliza maswali. Miaka mingi baadaye, nikiwa stendi nasubiri basi, ndipo nikaelewa: ukigawa milioni moja kwa saba unapata nambari ile na kubakiwa na moja, kwa hiyo saba mara nambari ile hukosa moja tu kuifikia milioni. Nikampigia mjomba palepale. Alipiga ukelele hata waliokuwa jirani yangu wakageuka.

Siku zote nilidhani alinichukua kwa kunihurumia. Kumbe kuna maswali mtu hawezi kusafiri nayo peke yake.