Sukari ya Cucu

Asubuhi hii, chumbani kwangu Ruiru, harufu ya chai ya maziwa ilinikuta na kijiko mkononi, nisijue kama nimeshatia sukari. Mara nikawa mtoto tena, jikoni kwa nyanya yangu, Kamenu. Daktari alisema sukari inazidi kumharibia kumbukumbu, kwa hivyo mama aliniachia mkebe niulinde.

"Cucu, ushaweka."

"Nani ameweka? Kamwizi wewe, unaninyima sukari kwangu!"

Akaninyang'anya mkebe, akatia, akakoroga, akiniangalia kwa chuki. Kisha akauvuta tena.

"Cucu, umeweka sasa hivi!"

Kofi likanifikia kabla sijamaliza.

"Wewe na mama yako mnataka nionekane nimerukwa na akili," akasema, akijaza kijiko.